MADiE: uzoefu wangu wa kujaribu saa na dakika katika viashiria vya ubora wa hospitali

Nafanya kazi katika kitengo cha ubora cha hospitali moja hapa Marekani, baada ya miaka mingi ya unesi wa wodini. Chombo ninachokifungua karibu kila siku ni MADiE, programu ya mtandaoni ya CMS, yaani wakala wa serikali unaosimamia Medicare na Medicaid, bima za afya za serikali ya Marekani. Ni ya bure, unachohitaji ni akaunti ya HARP tu, yaani akaunti ya kuingilia mifumo ya CMS. Imerithi kazi za programu mbili za zamani: MAT, ambayo watu waliandikia viashiria, yaani kanuni ambazo kompyuta huzitumia kuhesabu ubora wa huduma kutoka kwenye mafaili ya wagonjwa, na Bonnie, ambayo walivijaribia. Mimi nimeegemea upande wa majaribio. Nanakili mantiki ya kiashiria iliyochapishwa, natengeneza mgonjwa wa kubuni, naandika natarajia ahesabiwe vipi, halafu naiachia programu ihesabu yenyewe.

Ukiniuliza viashiria hivi huharibikia wapi, nitasema kwenye muda. Msimbo wa dawa ukikosewa, mara nyingi utaona upesi, maana namba inaanguka mpaka sifuri na kila mtu anashtuka. Muda ukikosewa, namba inasogea kidogo tu. Inaonekana ya kawaida, inapelekwa CMS, na hakuna anayeuliza.

Chukua CMS816, kiashiria cha sukari kushuka vibaya kwa mgonjwa aliyelazwa. Anayehesabiwa ni mtu mzima aliyepewa dawa ya kushusha sukari hospitalini, kisha sukari yake ikasoma chini ya 40 mg/dL. Kwa mashine za Afrika Mashariki hiyo ni kama 2.2 mmol/L, namba ambayo nesi yeyote anaijua kwa hofu yake. Dawa iwe imetolewa ndani ya saa 24 kabla ya kipimo hicho. Na kama kipimo cha kurudia kikisoma zaidi ya 80 ndani ya dakika tano, tukio halihesabiwi, kwa kuwa kwa kawaida sukari haipandi hivyo kwa dakika tano. Inaelekea kipimo cha kwanza ndicho kilichodanganya. Kimaandishi ni sentensi chache. Ukianza kuzijaribu, zinageuka kuwa maswali mengi.

Nikatengeneza mgonjwa mwenye sukari 38 saa 4:00 asubuhi. Nikamrudufisha, kila nakala nikaibadilisha kitu kimoja tu. Mmoja kapewa insulini jana yake saa 4:00 asubuhi kamili, mwingine saa 3:59. Mmoja karudiwa kipimo saa 4:05 barabara, mwingine sekunde 30 baadaye. Hapa ndipo MADiE inapostahili sifa. Inakuonyesha mstari kwa mstari sehemu ya mantiki iliyotimia na ile iliyokataa, kwa rangi, na inaweka ulichotarajia kando ya ilichopata. Mgonjwa wa sekunde 30 akadondoka nje ya dirisha la dakika tano, ingawa kwenye skrini ya wodi, isiyoonyesha sekunde, wote wawili wanasomeka 4:05. Kwa kusoma mantiki peke yake hilo ningechelewa sana kuliona. Lugha ya kompyuta ya CQL, ambayo viashiria hivi vimeandikwa kwayo tangu mwaka wa taarifa wa 2019, inatofautisha pia "baada ya" na "wakati uleule au baada ya". Kwa mwanadamu tofauti hiyo ni ndogo, kwa hesabu inamwingiza mtu au inamtoa.

Jambo la pili ni maana ya siku. Kiashiria cha VTE-1 kinataka mgonjwa apate kinga ya damu kuganda, au iandikwe sababu ya kutompa, siku ya kulazwa au siku inayofuata. Siku hapa ni ya kalenda, inakatika saa sita usiku. Aliyelazwa Jumatatu saa 5:50 usiku ana mpaka mwisho wa Jumanne, saa 24 na dakika kumi. Aliyelazwa saa 6:10 usiku wa kuamkia Jumanne ana mpaka mwisho wa Jumatano, karibu saa 48. Wametofautiana dakika 20, huenda wamepokelewa na daktari yuleyule na nesi yuleyule. Silaumu waandishi wa kiashiria. Siku ya kalenda ndiyo inayoeleweka wodini na ndiyo inayoandikwa kwenye faili. Lakini anayepanga zamu za usiku anapaswa kulijua hili, na namna nzuri ya kumwonyesha niliyoipata ni wagonjwa hao wawili wakiwa sambamba kwenye skrini.

Halafu kuna saa moja ya idara ya dharura. Viashiria vingi vya waliolazwa huunganisha ziara ya dharura na kulazwa ikiwa ziara hiyo iliisha si zaidi ya saa moja kabla ya kulazwa kuanza. Mgonjwa akiandikwa katoka dharura saa 4:30 usiku na kulazwa kukaanza saa 5:40, mnyororo umekatika kwa dakika kumi, hata kama mwili wake haukutoka jengoni. Insulini aliyodungwa kule dharura haiwi tena sehemu ya kulazwa kwake. Jaribu hili kabla ya mengine yote, hasa kama hospitali yenu ina msongamano wa vitanda.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni muda usioandikwa kabisa. CQL ina majibu matatu: ndiyo, hapana, na haijulikani. Haijulikani haiingii kwenye kiasi, yaani namba ya juu ya sehemu. Kwenye kiashiria cha madhara kama CMS816, ambapo namba ndogo ndiyo nzuri, faili lenye pengo linaipamba hospitali. Kuna mgonjwa alitetemeka, akalowa jasho, akapewa dextrose kwa mshipa, na kwenye hesabu hayumo. Kwa hiyo kila kiashiria ninachokijaribu nakiwekea wagonjwa wa namna hiyo: mmoja asiye na saa ya dawa, mmoja asiye na saa ya kipimo.

Mipaka ya programu ni ya wazi. MADiE inajua mantiki tu. Saa za mashine zenu haizijui. Mfumo wetu wa mafaili, ambao jina lake naliacha, ulikuwa ukituma saa ambayo majibu ya glukometa, kile kipima sukari cha mkononi, yaliingia kwenye faili mahali pa saa ambayo kidole kilichomwa. Glukometa ikikaa mfukoni bila kupachikwa kwenye kituo chake, vipimo vya asubuhi nzima vinaonekana vya dakika moja, na lile dirisha la dakika tano linakuwa halina maana. Wagonjwa wangu wote wa kubuni walipita vizuri. Hitilafu tuliiona tulipokaa na watu wa maabara na kulinganisha mashine yenyewe na faili. Zaidi ya hapo, lazima ujifunze kusoma CQL, na kwa nesi asiyewahi kuona msimbo wa kompyuta wiki za mwanzo zitamchosha. Anza na kiashiria kimoja chenye dirisha moja la muda.

Naipendekeza bila kusita kwa yeyote mwenye dhamana ya namba hizi. Wenzetu wanaojenga mifumo ya wagonjwa Kenya na Tanzania nao waitazame: mwongozo wa kidijitali wa WHO, ule wa SMART, unatumia CQL hiyohiyo, na maswali ya siku inaanzia wapi na pengo la saa linahesabiwaje yatawafikia vilevile. Mkianza, tengenezeni kwanza mgonjwa wa saa 5:59 usiku, wa 6:00 kamili na wa 6:01, na wa nne asiye na saa kabisa, kisha muulizeni nesi wa zamu ya usiku kama yeye angewahesabu hivyo.