Duka la wafumaji San Juan La Laguna: blauzi ambayo mkasi hugusa shingo tu

Nauza leso na vikoi Mombasa, na nyuma ya duka nashona. Kitambaa chochote nikikishika, kwanza nakigeuza nione upande wa ndani. Ndivyo nilivyofanya kwenye duka la ushirika wa wanawake wa Kitz'utujil, jamii mojawapo ya Wamaya, San Juan La Laguna, kando ya Ziwa Atitlán nchini Guatemala. Ni chumba kimoja tu na ua nyuma, juu ya mtaa unaopanda kutoka gatini.

Huo ua ndio uliofanya niwape alama za juu. Mama mmoja amepiga magoti mkekani, ncha moja ya mtande, yaani nyuzi za urefu, imefungwa kwenye nguzo, nyingine kwenye mkanda uliozunguka kiuno chake. Mtambo mzima ni vijiti na kamba. Akiegemea nyuma nyuzi zinakaza, akisogea mbele zinalegea. Nakshi anaiingiza papo hapo: kila mshindio, uzi wa kukata upana, unapopita, anachomeka uzi wa rangi kwa vidole huku akihesabu nyuzi za mtande.

Lakini kilichonishika mimi fundi ni pindo. Kitambaa kinatoka mtamboni kimekamilika pande zote nne, hakuna pa kufumuka. Upana unaishia pale mikono ya mfumaji inapofika, kwa hiyo huipil, blauzi ya wanawake wa Kimaya, huungwa kwa vipande viwili au vitatu vizima, na penye kiungo hutiwa mshono wa mapambo uitwao randa. Mkasi ukigusa, ni shingo tu. Hakuna kitambaa kinachotupwa! Nimeshona miaka mingi na sijawahi kuona hesabu nzuri kama hii.

Rangi ni za mimea na wadudu: nili kwa buluu, kochinila wa kwenye dungusi kakati kwa nyekundu, na mbegu za mzingefuri, ambao wakulima wa Kwale wanaujua kwa jina la biksa. Maji ya mgomba uliopondwa hushikisha rangi. Kuna na pamba ya kahawia, ixcaco, isiyotiwa chochote.

Kasoro zipo. Mashua za watalii zikifika pamoja, maelezo yanakimbizwa, tena kwa Kihispania pekee. Skafu yangu ya nili, ketzali 180 za Guatemala, ilitoa rangi nilipoifua mara ya kwanza. Ya pili maji yalikuwa safi, ila mnunuzi aambiwe mapema aifue peke yake.

Bei ya huipil ni kubwa, na ni haki yake: iliyojaa nakshi huchukua miezi. Kwenye kibanda kimoja mjini Antigua, hukohuko Guatemala, nilishikishwa ya bei rahisi. Kuigeuza, ndani kweupe. Nakshi imepigwa chapa kwa mashine. Ni wizi huu, kwa sababu nakshi hizo zina vijiji vyake na wenyewe wako hai. Mwaka 2016 wafumaji, wakiongozwa na chama chao cha AFEDES, walikwenda Mahakama ya Katiba ya Guatemala kudai nakshi zao zilindwe kisheria. Mimi niko upande wao.

Ukienda, panda boti ya asubuhi kutoka Panajachel, mji wa ng'ambo ya ziwa. Mchana upepo wa Xocomil huchafua ziwa. Beba pesa taslimu, na usiwaombe wakupunguzie.