Smooth Surface Clay Kit na Ultimate Compound za Meguiar's: zinafaa kwa vumbi la rangi na mikwaruzo midogo?

Gari likiegeshwa karibu na jengo, geti au paa linalopakwa rangi kwa mashine ya kupuliza, matone madogo sana ya rangi husafiri na upepo, huanza kukauka yakiwa bado hewani, kisha hutua juu ya bodi na kung'ang'ania hapo. Huenda mwenye gari asione chochote zaidi ya ukungu hafifu kwenye boneti, lakini akipitisha kiganja baada ya kuosha atahisi chembechembe zinazokwaruza kama msasa laini: hilo ndilo vumbi la rangi. Bidhaa ninazozitathmini hapa ni mbili, zote za Meguiar's, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1901 na kununuliwa na 3M mwaka 2008. Ya kwanza ni seti ya udongo iitwayo Smooth Surface Clay Kit, ambayo naipendekeza bila kusita kwa tatizo hilo. Ya pili ni kompaundi, yaani dawa ya kusugulia bodi yenye chembe za kusaga, iitwayo Ultimate Compound, ambayo naipendekeza pia, ila kwa mikwaruzo tu, na baada ya udongo kumaliza kazi yake.

Nasisitiza mpangilio huo kwa sababu ya unene wa rangi yenyewe. Magari mengi ya kisasa yana matabaka ya msingi, kisha tabaka lenye rangi inayoonekana, na juu kabisa tabaka angavu la vanishi, ambalo mafundi wengi huliita kliya. Matabaka yote kwa pamoja mara nyingi huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150, na vanishi peke yake ni takriban mikroni 35 hadi 50, ilhali unywele wa binadamu una mikroni 70 hivi. Kompaundi hufanya kazi kwa kusaga vanishi hiyo, na kilichosagwa hakirudi. Anayeitumia kuondoa vumbi la rangi analazimika kusugua bodi nzima na kupunguza kinga ya gari kila mahali, kwa ajili ya uchafu ambao umekaa juu tu na haujaingia ndani. Kazi hiyo ni ya udongo.

Udongo wenyewe si wa kuchimbwa ardhini. Ni mchanganyiko laini wa kiwandani, unaofinyangika, wenye chembe ndogo mno za kusaga ndani yake. Seti huja pamoja na kimiminika cha kupuliza kinachofanya kazi ya kilainishi, na kitambaa cha maikrofaiba cha kufutia. Gari huoshwa na kukaushwa kwanza, likawekwa kivulini hadi bodi ipoe. Kipande cha udongo hukandwa mpaka kiwe bapa la kutosha vidole vitatu, eneo la takriban sentimita 50 kwa 50 hulowanishwa vizuri kwa kilainishi, kisha udongo hupitishwa kwa mistari iliyonyooka, bila kukandamiza. Hapa ndipo bidhaa hii inaponifurahisha. Mipito ya mwanzo hukwama kidogo na kutoa sauti ya kukwaruza inayosikika wazi. Baada ya kwenda na kurudi kwa muda mfupi sauti hufifia, mkono huanza kuteleza, na mtumiaji hujua kwa kugusa tu kwamba mahali hapo pameisha. Akiugeuza udongo ataona upande wake wa chini umetapakaa vitone vya rangi ile ile iliyopulizwa, pamoja na weusi wa vumbi la breki na masizi ya barabarani ambayo hakujua kuwa yapo. Udongo hukunjwa ili uso safi utokee, na kazi ikaendelea.

Anayetaka kuhakiki matokeo aingize mkono ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki na kupapasa bodi. Mfuko huongeza hisia za vidole kiasi kwamba hata chembe moja iliyobaki hujitangaza.

Yapo masharti mawili ambayo hayana mjadala. La kwanza ni kwamba kilainishi hakibaniwi, kwa kuwa udongo ukipitishwa juu ya bodi kavu huganda na kuacha michirizi. La pili ni kwamba kipande kilichoanguka chini hutupwa, hata kama bado ni kipya, maana mchanga uliozama ndani yake hauonekani na utachora kila utakapopita. Nimewahi kutumia udongo wa bei rahisi, usio na jina la kuaminika, uliokuwa ukiacha utando wa kunata ambao ulichukua muda mrefu kuufuta kuliko vumbi la rangi lenyewe. Udongo wa Meguiar's hukandika kwa urahisi na haukatikikatiki mkononi.

Udongo una mipaka. Rangi ya maji ambayo bado ni mbichi mara nyingi hutoka kwa kuoshwa tu, kwa hiyo anayewahi hahitaji kununua kitu. Rangi za mafuta zilizokauka kama vumbi hutoka vizuri kwa udongo. Rangi za viwandani zinazochanganywa na kigumishi, au matone makubwa yaliyotua yakiwa majimaji, hushika kwa nguvu zaidi na ni vyema kumwachia fundi rangi mwenye uzoefu. Kwenye vioo, wembe mpya ulioinamishwa juu ya kioo kilicholowanishwa huondoa matone sugu kuliko kitu kingine chochote, lakini wembe huo usikaribie bodi. Mipira ya milango na plastiki zenye mikunjo haziitiki udongo. Thina nayo, ambayo wengi huikimbilia kwanza, huweza kulainisha na kufifisha rangi ya gari, hasa iliyowahi kurudiwa, na huharibu plastiki na taa. Siioni sababu ya kuihatarisha gari ilhali njia salama ipo.

Vumbi la rangi likishatoka, mikwaruzo iliyokuwa imejificha hujitokeza, na hapo ndipo Ultimate Compound inapostahili kutolewa. Kipimo cha kuamua ni ukucha: upitishwe kwa kukatiza mkwaruzo, na ukinasa, mkwaruzo umeshuka mno kiasi kwamba kuufukuzia kwa kompaundi ni kumaliza vanishi ya pembeni yake. Usiponasa, kuna matumaini makubwa. Mkwaruzo mwepesi huonekana kwa sababu kingo zake hutawanya mwanga. Kompaundi huzilainisha kingo hizo na kushusha kidogo uso unaouzunguka, na jicho halina tena kitu cha kukamata.

Kompaundi hii hutumika kwa mkono au kwa mashine ya kupiga polishi. Kwa mkono, kiasi kidogo huwekwa kwenye sponji na kusuguliwa kwa nguvu ya wastani katika eneo dogo, kisha hufutwa kwa kitambaa safi. Michirizi ya kuosha, alama za kucha kwenye vishikio vya milango na ukungu hafifu ambao udongo wenyewe huweza kuuacha huondoka vizuri namna hiyo, ingawa mkono huchoka mapema kuliko mtu anavyodhani. Kwa boneti nzima au mlango mzima, mashine inayozunguka huku ikiyumba ndiyo inayomfaa asiye fundi, kwani haikusanyi joto mahali pamoja kama ile ya mzunguko mmoja. Kingo na mikunjo ya bodi iepukwe au ifunikwe kwa utepe wa karatasi, kwa kuwa vanishi huwa nyembamba zaidi hapo. Kila gari lianze na jaribio mahali pasipoonekana sana, na ikiwa mpito mmoja unatosha, wa pili usifanyike. Sifa ninayoithamini zaidi katika kompaundi hii ni kwamba huacha mng'ao unaokubalika bila kulazimisha polishi ya hatua nyingine, jambo ambalo kompaundi nyingi kali haziwezi.

Udongo na kompaundi huondoa pia nta yote iliyokuwepo, kwa hiyo nta mpya hupakwa kabla gari halijarudi juani na mvuani. Wenye magari ya rangi isiyong'aa wasinunue kompaundi hii, kwa kuwa itaacha madoa ya mng'ao yasiyorekebishika bila kupaka upya. Kwa aliyepatwa na vumbi la rangi pekee, seti ya udongo na nta vinamtosha, na pesa ya kompaundi abaki nayo.