Kitabu cha mahadhi ya Playford: kinakupa mwaka wa wimbo, hakikupi hatua

Anayetaka kujua mahadhi fulani ya dansi za mashambani za Uingereza yaliingia lini katika maandishi anunue The Complete Country Dance Tunes from Playford's Dancing Master, kilichohaririwa na Jeremy Barlow na kutolewa na Faber Music mwaka 1985. Ndani yake mna mahadhi 535 kutoka mkusanyo alioanzisha John Playford, muuza vitabu wa London, mwaka 1651. Mkusanyo ule ulichapishwa tena na tena, matoleo 18, hadi mwaka 1728 hivi.

Uzuri wake ni mpangilio. Mahadhi yamefuatana kwa toleo yalimotokea kwanza, na hapo ndipo makosa mengi yanapoumbuka. Chukua Lilliburlero, ambayo waliozoea redio ya masafa mafupi wanaifahamu hata kama hawakujua jina: kwa miongo mingi ilipigwa kabla ya habari za BBC World Service. Wapigaji wengi huitangaza kuwa ya enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, aliyefariki 1603. Sivyo. Iliingia katika toleo la nane, 1690, lililotolewa na Henry Playford, kwa kuwa baba yake, John, alikuwa amekwisha kufa. Mwaka mmoja kabla, mtunzi Henry Purcell aliitoa kwa kinanda kama wimbo mpya wa Kiayalandi. Maneno yake, yanayohesabiwa kuwa ya mwanasiasa Thomas Wharton, yaliwakejeli Wakatoliki wa Ireland na utawala wa Mfalme James wa Pili, na yaliimbwa mno mwaka 1688, mfalme huyo alipokimbilia Ufaransa. Dansi iliyachukua mahadhi na kuyaacha maneno. Mwaka 1728 yakapewa maneno mengine kabisa katika The Beggar's Opera, mchezo wa jukwaani wenye nyimbo. Historia hiyo ya maneno itafute kwingine. Kitabu hiki ni cha noti.

Noti zenyewe ni za kisasa na zinasomeka vizuri, jambo la kushukuru. Chapa ya 1651 ina noti zenye vichwa vya umbo la almasi na kwa sehemu kubwa haina mistari ya kutenga baa, yaani vipande sawa vya mapigo, hivyo anayeianza bila mazoezi hupotea kwenye mstari wa pili tu.

Upungufu mkubwa: hatua hazimo. Ukikinunua ili ufundishe dansi utajuta. Lilliburlero ni dansi ya safu mbili ndefu zinazotazamana, wanaume huku, wanawake kule, na kila mzunguko ukiisha jozi ya kwanza hushuka nafasi moja. Nani anapita wapi na katika baa ipi, hayo yamo katika matoleo ya asili, ambayo maktaba ya Vaughan Williams iliyoko Cecil Sharp House, London, inayatunza.

Pia ni mahadhi matupu, sauti moja. Mpiga fidla au filimbi ataridhika. Mpiga kinanda lazima aunge sauti za chini mwenyewe. Asiyeweza achukue mkusanyo wa Peter Barnes, wenye alama za kodi, yaani sauti za kuambatana, kama za gitaa, juu ya noti.

Jambo moja ambalo ukurasa hautakuambia ni mwendo. Lilliburlero iko katika kipimo cha 6/8, yaani noti fupi sita kwa kila baa, lakini mguu hauhesabu sita: kila baa ina mapigo mawili, kila pigo hatua moja, kwa hiyo baa 8 ni hatua 16. Anayehesabu sita huukandamiza wimbo ukawa mzito. Aliyeuzoea kama gwaride naye huukimbiza, wachezaji wakafika mwisho wa safu wakihema na muziki umeshaanza sehemu nyingine. Hatua 108 hadi 116 kwa dakika zinatosha. Idadi ya marudio isome kwenye maelezo ya dansi kabla ya kupiga, usiikisie kwa kuangalia noti.