Ngano nyekundu au nyeupe: ipi haioti mapema kwenye suke?

Mkate unaonata ndani, hata ukiokwa vizuri Kariakoo, huenda ulitokana na ngano iliyonyeshewa ikiwa bado kwenye suke: punje zikaanza kuota, kimeng'enya cha amilesi kikavunja wanga.

Nyekundu ina kinga ya asili. Jeni za R-1, kwenye kromosomu 3A, 3B na 3D, hutia rangi kwenye ganda na pia hurefusha usingizi wa mbegu, yaani muda inaokaa bila kuota. Nyeupe imezikosa zote tatu, ingawa atta yake hutoa chapati isiyo na uchungu wa pumba.

Hata hivyo, nyeupe isitupwe. Jeni nyingine mbili, TaPHS1 ya kromosomu 3A na TaMKK3 ya 4A, zikiwa za aina sahihi, huilaza nayo. Kwa chapati ningechagua nyeupe yenye zote mbili. Bila hizo, nyekundu.