Boga, pera au beri nyeusi: hela ya soko Kigoma inunue nini?

Kina mama wenzangu wameniuliza mara kadhaa kuhusu vyakula viwili wanavyoviona kwenye simu vikisifiwa kwa afya ya watoto. Kimoja ni beri nyeusi, tunda dogo ambalo Waingereza huliita blackberry. Cha pili ni boga la ekoni, lile dogo la kijani kibichi lenye mbavu, linalopendwa sana Marekani. Vyote viwili ni vizuri. Ila mwenye kikapu chake soko la Mwanga ana vitu bora kuliko hivyo, tena vya bei anayoiweza, na nimevipanga kwa kadiri ambavyo mimi mwenyewe ningevinunua.

Cha kwanza, bila kusita, ni boga letu la kawaida, lililokomaa, lenye nyama ya rangi ya chungwa. Gramu 100 za boga bichi zina mikrogramu zipatazo 426 za vitamini A, na mwanamke mtu mzima anahitaji 700 kwa siku. Rangi ile ndiyo karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini, kwa hiyo usinunue kwa kuangalia ganda. Wiki iliyopita, tulipokwisha kuamkiana mwakeye kwa Kiha, mama ninayenunua kwake alinipasulia mawili yaliyofanana kabisa kwa nje, ya kijivu yenye mabaka. Moja ndani lilikuwa njano mpauko kama tango lililopitiliza. La pili lilikuwa chungwa iliyokolea, mbegu zake nene zimenasa kwenye nyuzi zenye utelezi. Bei ni ile ile. Kama muuzaji anakata vipande, una bahati, chagua kwa macho.

Ukichukua zima, libebe kwanza. Liwe zito kuliko ulivyolidhania. Kikonyo kiwe kikavu na kigumu kama kijiti cha kuni. Bonyeza ganda kwa ukucha, ukizama ujue ni changa. Niliwahi kushawishika na boga la bei nafuu lililokatika kikonyo, nikalihifadhi chini ya meza. Siku ya tano nililiinua na vidole vikazama ndani. Pale kikonyo kilipong'oka ndipo uozo unapoingilia, hivyo boga la namna hiyo lipikwe siku hiyo hiyo au liachwe sokoni.

Lipike kwa mvuke, na maganda yake, maana ukilichemsha kwenye maji mengi vitamini C na potasiamu huishia kwenye yale maji unayomwaga. Halafu weka mawese. Vitamini A ya boga haifyonzwi vizuri bila mafuta, na mawese yetu mekundu yana karotini yake yenyewe, kwa hiyo kijiko kimoja kinafanya kazi mbili. Mwenye kisukari ahesabu boga pamoja na wanga wa mlo wake. Na ukionja boga likawa chungu, tema, utupe lote. Uchungu huo ni sumu ya mmea, na moto hauiondoi.

La pili ni pera. Hapa ndipo beri nyeusi inapopitwa mbali. Gramu 100 za beri zina miligramu 21 za vitamini C, pera lina zipatazo 228. Nyuzinyuzi, ambazo ndizo sifa kubwa ya beri, ni gramu 5.3 kwa beri na 5.4 kwa pera. Chagua lililoanza kugeuka njano, linalonukia ukilisogeza puani, na uangalie vitundu vidogo vya funza karibu na kitako. Lioshe ulile na ganda lake.

La tatu ni batanati, lile boga dogo lenye umbo la chupa. Kwa vitamini A inalizidi hata boga la kawaida, mikrogramu 532, na ganda lake jembamba linamenyeka bila kuhatarisha vidole. Nimeishusha kwa sababu ya bei tu. Kwa nyumba ya watu wawili ningeipandisha, kwani inaisha kwa mlo mmoja na hakuna nusu inayobaki kuchacha.

Boga la ekoni linafuata. Watu hudhani kila boga lina vitamini A nyingi. Hili lina mikrogramu 18 tu, na nyama yake ya njano hafifu inakuonyesha hivyo. Nguvu yake ni potasiamu: likiokwa lina miligramu 437 kwa gramu 100, wakati ndizi mbivu ina 358. Ukilipata, chukua la kijani kizito lisilong'aa, lenye doa moja la chungwa pale lilipolalia udongo. Likishakuwa la chungwa lote limepitiliza, utatafuna nyuzi. Usihangaike kulimenya na mbavu zile: lipasue katikati, liive, kisha uchote nyama kwa kijiko.

Beri nyeusi nimeiweka mwisho, na kosa si lake. Ina nyuzinyuzi nyingi, kalori 43 tu, manganizi, vitamini K, na weusi wake ni kundi la kemikali za mimea zinazochunguzwa sana na wataalamu wa lishe. Shida ni safari. Ikishachumwa haiivi tena, na kwenye friji hukaa siku mbili tatu kabla ya ukungu. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni kilomita zipatazo 1,250 za reli. Ukiikuta dukani, geuza kiboksi uangalie chini. Palipolowa maji ya zambarau, za chini zimepondeka. Zilizogandishwa ni salama zaidi kwa hela yako.

Kama jirani ana mforosadi, omba bakuli moja. Forosadi zinafanana na beri kwa sura ingawa ni ukoo mwingine, vitamini C yake ni miligramu 36, na watoto huzila mpaka midomo inageuka rangi. Nyuzinyuzi zake tu ndizo chache.

Mbegu za boga usizimwage. Zikikauka juani na kukaangwa, gramu 100 zilizomenywa zina protini gramu 30 hivi. Na masika yakiwa bado yanaendelea, muulize muuzaji wako kama ana majani machanga ya boga, yale ambayo vinyweleo vyake havijawa vigumu.