Hedifoni Zisizochoma Masikio: Za Kununua na za Kumwachia Muuzaji

Haipiti wiki bila msomaji kunilalamikia kwamba hedifoni zake mpya zinamchosha. Hazijaharibika. Besi ipo, chaji inakaa, waya ni mzima. Ila akiweka taarifa ya habari, mtangazaji akitamka "s" au "sh" anasikia mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Mama mmoja wa Tanga, ambaye husikiliza Qur'ani baada ya swala ya alfajiri, alinieleza tatizo hili vizuri kuliko fundi yeyote: msomaji akifika kwenye sini, swadi na zai, mama anazivua. Waliopita madrasa watakumbuka kwamba herufi hizo tatu ndizo zenye sifa ya swafiri, ule mlio wa mluzi. Kumbe mama alishazipima hedifoni zake bila kifaa chochote.

Kwa hiyo leo nina jambo moja tu, trebo kali, yaani zile sauti za juu zikizidi. Habari za rangi, saa za chaji na kama zinakunjika zimeandikwa kwenye boksi. Kasome huko.

Kwa nini dukani zinapendeza na nyumbani zinaumiza

Milio ya s, sh, ch na z ina nguvu nyingi kati ya kilohezi 5 na 9 hivi (kilohezi ni kipimo cha sauti ilivyo ya juu au ya chini). Jirani na hapo ndipo zilipo pia sahani za dramu, kayamba na vile visahani vya tari. Kampuni ikilipandisha eneo hilo desibeli chache, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, kila kitu kinasogea karibu: pumzi ya mwimbaji, kidole kinachoteleza kwenye uzi wa gitaa, nyuzi za ala ya kanuni katika taarabu zinapodonolewa. Ukijaribu kwa dakika mbili unaona umepata hedifoni za maana. Muuzaji naye anakukazia: "Dada, sikia inavyochambua vyombo!" Kweli inachambua. Saa moja na nusu baadaye kichwa kinagonga na hujui cha kulaumu.

Lugha yetu yenyewe haisaidii. Mwambie mtu aseme "Shangazi Asha ameshauza samaki sokoni asubuhi" uone ni mara ngapi trebo itakuchapa katika sentensi moja. Na ukiwa mpenzi wa singeli, yenye mapigo 200 na zaidi kwa dakika, hapo sikio halipati hata nafasi ya kupumua.

Kuna mtego mwingine wasiousema. Zikichoma, unapunguza sauti. Mwaka 1933 watafiti wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kwamba sauti inapokuwa ndogo, sikio hupungukiwa zaidi na besi kuliko sauti za kati. Kwa hiyo unapunguza ili upumzike, besi inayeyuka, na kinachobaki kinasikika chembamba na kikali kuliko mwanzo. Unapandisha tena. Wanaopandisha wajue pia kwamba Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na 75 kwa watoto.

Miwani na ushungi navyo vina sehemu yake. Pedi isipokaa sawasawa kwenye ngozi, hewa inapenya na besi inatoroka kwanza. Dada zangu mnaovaa hijabu, jaribuni hedifoni vile vile mtakavyozivaa barabarani. Muuzaji akizivaa yeye na kusema ziko sawa, ziko sawa kwake. Na usimpe baba yako wa miaka 60 akujaribie: umri huanza kula sauti za juu, na hedifoni zinazokukera wewe huenda kwake zikawa tamu kabisa.

Namna ya kuzijaribu

Nenda na rekodi ya mtu anayezungumza, tena sauti ya mwanamke kama unayo, iliyorekodiwa vizuri. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp haufai, umebanwa mno na sauti za juu hazipo. Kupiga simu nako hakufai kwa sababu hiyo hiyo. Wala usitumie wimbo ulioupakua bure uliobanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde, maana huo una mikwaruzo yake kwenye sahani za dramu na utazisingizia hedifoni zisizo na kosa. Weka sauti ndogo, kiasi cha kumsikia muuzaji akikuuliza kama unanunua au hununui. Kaa robo saa.

Robo saa hiyo ndiyo vita. Kuna maduka Kariakoo ambako ukizidisha dakika tatu unaanza kuulizwa "mteja, tufunge?" Kwingine boksi halifunguliwi mpaka ulipe, na ukishalipa risiti imegongwa muhuri kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sasa nijaribu lini? Halafu kuna hawa wa mtandaoni. Picha nzuri, maelezo marefu, bei "njoo DM". Unaenda DM, unaulizwa uko wapi, unatumia simu gani, bajeti yako shilingi ngapi. Ndugu yangu, mimi nauliza bei ya hedifoni, siyo naomba mkopo. Ukirudi na malalamiko ya trebo unaambiwa uziache zipige muziki usiku kucha, zitalainika. Ninachokiona mimi kikilainika ni mnunuzi: ubongo huzoea kiasi, na siku za kudai pesa zinapita.

Orodha yangu, kuanzia ya kwanza

Nitasema mapema nisije nikashutumiwa: mimi ni wa Sennheiser. Wajerumani hawa wa Wedemark wametengeneza vifaa vya sauti tangu 1945, na familia moja ya hedifoni zao ndiyo inayobeba mwongozo huu.

Namba moja ni Sennheiser HD 650, pamoja na pacha wake HD 6XX aliyetengenezewa duka la mtandaoni la Drop la Marekani. HD 650 ilitoka 2003, ikiwa mdogo wake HD 600 ya 1997, na mpaka leo watu wanazinunua. Sababu ni sauti ya mtu. "S" unaisikia kuwa ni "s", inapita, inakwenda zake. Unaweza kusikiliza kitabu cha sauti kuanzia Magomeni mpaka Morogoro kwa basi na... hapana, nisikudanganye, kwenye basi hutaziweza, kwa sababu ziko wazi nyuma: kelele zinaingia, na jirani anasikia hotuba yako yote. Hizi ni za chumbani. Pia zina ukinzani wa umeme wa omu 300, kwa hiyo simu peke yake itazisukuma kwa shida na utahitaji amplifaya ndogo ya mezani. Kati ya HD 600 na HD 650, anayechomwa na trebo achukue 650, imelainishwa kidogo zaidi juu. Pedi na waya vinabadilishwa kwa mkono bila fundi, na hilo ndilo linalozifanya ziishi miaka.

Bei? HD 6XX ilianza kuuzwa 2016 kwa dola 199 na ushee. Kwa shilingi zetu hiyo ni karibu nusu milioni kabla hujaongeza usafiri na kodi, na VAT peke yake ni asilimia 18 kwa Bara. Ndiyo maana nawaambia watu wamwombe ndugu anayerudi likizo kutoka Ulaya au Marekani. Mtumba nao unafaa, mradi unampa muuzaji pesa ya chini na kuweka kando ya pedi mpya. Pedi zilizobonyea husogeza spika karibu na sikio na kubadilisha sauti, na unaweza kuzilaumu hedifoni nzuri kwa kosa la sponji.

Namba mbili ni Sennheiser tena, HD 599. Nayo iko wazi nyuma, ila ina omu 50 tu na simu inaiweza kwa adapta ya kawaida. Tabia yake ni ya joto, haina haraka. Kwa anayesikiliza zaidi mazungumzo, mawaidha na dansi za zamani, hii inatosha na sioni kwa nini ujisumbue na amplifaya za mezani. Besi yake haishuki sana. Watu wa singeli na amapiano wasogee mbele.

Kabla hamjasema nimelipwa, Sennheiser hao hao walitoa HD 800 mwaka 2009, hedifoni za zaidi ya dola elfu moja, na zikawa na kilele, yaani sehemu inayopanda ghafla, karibu na kilohezi 6 ambacho wengi hawakukivumilia. Baadaye wakaleta HD 800 S yenye kifaa ndani cha kufyonza kilele hicho. Ukiona mtu anakwambia ongeza pesa trebo itapoa, mwambie hiyo habari.

Namba tatu, na kwa wengi wenu ndiyo mtakayonunua, ni Sony WH-CH520 ya 2023, isiyo na waya. Zinakaa juu ya sikio, si kuzunguka sikio, hivyo wenye miwani watazisikia ukingoni mwa masikio. Trebo yake ni ya upole tangu boksini, kiasi kwamba wengine watasema imefifia. Nimeiweka hapa hasa kwa programu yake ya simu: ekolaiza, yaani sehemu ya kupandisha na kushusha besi na trebo, ina vidhibiti vitano, na kimoja kimekaa palepale penye ugonjwa, kilohezi 6.3. Ukishusha hicho hatua mbili au tatu, mtangazaji anapoa bila kuzama. Ukiwa na pesa zaidi, WH-1000XM4 ya 2020 ina kidhibiti hicho hicho, inazunguka sikio lote, inazima kelele za daladala, na besi yake ni nzito tangu mwanzo.

Namba nne, Audio-Technica ATH-M50x. Nzuri, imara, omu 38, na kila studio ya chumbani imeshawahi kuwa nayo. Juu imepandishwa kidogo. Asiyechomwa hatagundua. Aliyeandika kunilalamikia atagundua.

Za bei ya chini sina mengi. JBL Tune 520BT inakubali programu yenye ekolaiza, chukua hiyo. Oraimo, ambao ni wa Transsion, waliotuletea Tecno na Infinix, wana modeli zinazoegemea besi, na mara nyingi hilo huficha trebo badala ya kuitibu. Zile za elfu kumi na tano zinazoning'inia vibandani, zenye jina la kampuni kubwa lililokosewa herufi moja, zipite.

Na mwisho kabisa wa orodha, kwa makusudi, nimeziweka zile ambazo mitandao ya wazungu inawapendekezea kila siku: Beyerdynamic DT 990 Pro na Sony MDR-7506. Si mbovu. DT 990 imetengenezwa Heilbronn, Ujerumani, kwa uimara wa kurithiwa, na MDR-7506 ipo kazini tangu 1991 kwenye redio na seti za filamu duniani kote. Lakini fikiria kazi yake. Mhariri wa sauti anataka kila kasoro imrukie usoni ili aifute kabla msikilizaji hajaisikia. DT 990 ina kilele kikali karibu na kilohezi 8, na ndiyo sababu mtu anaisifu kwa "undani". Wewe unayetaka kusikiliza taarabu huku unapiga pasi, undani huo wa nini?

Kama umeshanunua na huwezi kuzirudisha

Anza na ekolaiza, maana ni bure. Kwenye Android kuna Wavelet, ambayo ina mipangilio ya hedifoni nyingi kwa majina yake, tafuta zako uiwashe. Kwenye kompyuta ya Windows kuna Equalizer APO. iPhone ina mpangilio wa kupunguza trebo ndani ya mipangilio ya programu yake ya muziki. Kama unarekebisha mwenyewe, shusha desibeli 3 au 4 kati ya kilohezi 6 na 9, usikilize siku mbili tatu, ndipo uguse tena. Ukishusha kumi kwa mkupuo, sauti itakuwa ya mtu aliyejifunika blanketi na utarudi kunilalamikia upya.

Zisizokubali ekolaiza zina dawa ya zamani. Yamaha walipotoa spika za NS-10 mwaka 1978, trebo yake iliwakera mafundi wa studio mpaka wakawa wananing'iniza karatasi ya chooni mbele ya twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, na baadaye kampuni yenyewe ikatoa toleo la studio lililotulizwa juu. Kwa hedifoni ni rahisi zaidi: toa pedi, kata kipande cha tishu cha ukubwa wa spika, tenganisha tabaka ubakize moja, liweke, rudisha pedi. Tabaka moja likiwa dogo, ongeza la pili. Tumia tishu isiyo na manukato, maana itakuwa karibu na uso wako siku nzima.