Monticello Darasani: Uchambuzi wa Ziara ya Mtandaoni

Watazamaji wapendwa, karibuni. Leo ninachambua ziara ya mtandaoni ya Monticello, nyumba ambayo Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, aliijenga juu ya kilima karibu na Charlottesville, katika jimbo la Virginia nchini Marekani. Mwongoza wageni husimama mbele ya kamera ndani ya nyumba yenyewe, nanyi mkiwa darasani mnamwona, mnamsikia na kumwuliza maswali papo hapo.

Tuanzie ukumbi wa kuingilia, kwa sababu ndipo wanafunzi wangu walipoacha kunong'onezana. Pana saa kubwa inayoendeshwa na vyuma vizito vya mviringo vinavyoning'inia kwa kamba, na kadiri vinavyoteremka ndivyo vinavyopita kwenye majina ya siku yaliyowekwa ukutani. Ukuta haukutosha wiki nzima, kwa hiyo sakafu ikatobolewa, na Jumamosi ikaangukia chini, katika sela, yaani chumba kilicho chini ya nyumba. Mwanafunzi mmoja aliomba kuliona tundu lile, na kamera ikainamishwa. Video iliyorekodiwa haimtii mtoto namna hiyo, na hapo ndipo ninapoiona thamani ya ziara hii.

Hata hivyo, mwalimu asikubali muda wote uishie kwenye saa. Jefferson, mtu aliyeandika mwaka 1776 katika Azimio la Uhuru wa Marekani kwamba watu wote wameumbwa sawa, alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake, na pale Mulberry Row, safu ya karakana na makazi iliyo hatua chache kutoka kwenye nyumba hiyo, wavulana wa miaka 10 hadi 16 walifua misumari. Wanafunzi wangu ni wa rika hilohilo. Niliwataka waandike maswali juu ya wavulana hao siku moja kabla, na karibu nusu ya ziara ikaenda huko.

Sasa usumbufu. Saa 4 asubuhi ya Virginia ni saa 11 jioni ya Nairobi, na majira yao ya baridi huwa saa 12, kwa hiyo wazazi waarifiwe mapema. Maelezo ni ya Kiingereza. Mimi nilisimama kando ya projekta nikifafanua kwa Kiswahili, jambo ambalo, nakiri, lilinikausha koo. Intaneti ya shule yetu iligoma mara mbili, hivyo tumieni waya badala ya waifai. Na kama hamna projekta, nisingewashauri mjaribu: kwenye simu moja inayozungushwa darasani, majina ya siku pale ukutani hayasomeki.